Albamu gani inastahili data yako? Nimezipima kwenye barabara ya Lodwar hadi Kakuma

Mara ya mwisho kusikiza albamu nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka hata mmoja, ilikuwa lini? Usinidanganye. Wengi wetu tunachukua ngoma moja iliyovuma TikTok, tunaicheza mpaka inachosha, kisha tunahamia nyingine. Hata jina la albamu hatulijui.

Mimi pia ningekuwa hivyo kama si barabara. Ni fundi wa simu mjini Lodwar, na karibu kila wiki mbili napanda gari kwenda Kakuma kupeleka simu nilizotengeneza na kuchukua zilizokufa. Ni kama kilomita 120. Lami imesaidia sana, waulize wazee safari hiyo ilikuwaje zamani, lakini lami haikuja na mtandao. Ukishaiacha Lodwar nyuma, zile alama za mtandao zinaanza kupungua moja moja, na kuna vipande virefu ambapo huna chochote ila mathenge, ngamia na joto. Huwezi kustrimu. Huwezi kuskroli. Una kile ulichopakua jana usiku, basi.

Kwa hivyo nina kanuni zangu. Napakua nikiwa nyumbani Kanamkemer, albamu moja au mbili tu kwa safari, kwa sababu pesa ya data ni ileile ya unga. Naisikiza yote nikienda, naisikiza tena nikirudi. Earphone zangu ni za mia mbili na upande wa kushoto umeanza kufa (nami ni fundi, aibu tupu). Kama albamu inaweza kunishika katikati ya abiria waliobanana, mbuzi mmoja chini ya kiti na dereva anayecheza mambo yake kwa sauti ya juu, imepita. Wewe mwenye Wi-Fi kule Roysambu unaweza kucheka, lakini jaribu kuulipia muziki kwa megabaiti uone utakavyokuwa mkali.

Siku hizi nimekuwa nikipakua za indie. Na usifikirie indie ni lazima iwe gitaa na kijana mwenye huzuni. Ni muziki unaotoka bila kampuni kubwa kushika usukani: msanii na kundi lake dogo ndio wanaoamua nini kitoke, lini na kwa jina gani. Just A Band walifanya hivyo 2008 na albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, miaka miwili kabla Makmende hajawafanya wajulikane kila mahali. Wakadinali, ambao kila mwendesha bodaboda wa Lodwar anawajua, walitoa Victims of Madness mwaka wa 2020 kupitia Rong Rende, ambayo ni yao wenyewe. Kwa hivyo umekuwa msikilizaji wa indie miaka hii yote bila kuambiwa.

Nianze na ile iliyonitisha. The Adept ya Lord Spikeheart ilitoka Aprili 2024 kupitia Haekalu, lebo yake mwenyewe. Huyu ndiye yule jamaa wa Duma, wawili wa Nairobi ambao 2020 walitoa albamu ya makelele ya chuma na mashine kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nilibonyeza tu gari likitoka stendi, na kwa dakika nzima nilidhani earphone zimepasuka kabisa. Jamaa anapiga mayowe. Si kuimba kwa nguvu, mayowe, na chini yake kuna midundo inayoanguka kama mabati kwenye upepo. Mama aliyeketi kando yangu aliniuliza kama ninaumwa.

Lakini sikuizima. Albamu yenyewe ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mkongwe wa ukoo wake, yule mwanamke wa Mau Mau aliyekuwa na cheo cha Field Marshal na kufariki Septemba 2023. Ukishajua hilo, mayowe yanakuwa kitu kingine. Sisi tumezoea kuwakumbuka mashujaa kwa kwaya za shule na hotuba za sikukuu. Huyu amekumbuka kwa hasira, na nadhani hasira ina haki yake pale. Kasoro ninayoiona ni wageni. Kila unapoanza kumzoea mwenyewe, mtu mwingine anaingia, na kufikia theluthi ya mwisho nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mkaa. Ipakue, lakini usiisikize saa nane mchana ndani ya Probox isiyo na hewa. Ngoja jua lishuke.

Natur ya KMRU, iliyotoka 2024 pia, ni kinyume chake kabisa, na hapa kanuni zangu ziliniaibisha. KMRU ni Joseph Kamaru, mjukuu wa Joseph Kamaru yule gwiji wa muziki wa Kikuyu, na jina lake lilivuka mipaka 2020 kwa albamu inayoitwa Peel. Natur ni kipande kimoja tu kinachokaribia saa nzima. Hakuna maneno, hakuna mdundo, hakuna kiitikio cha kukushika mkono. Ni mivumo ya umeme, vitu vinavyotetema, sauti zinazokuja polepole na kuondoka polepole zaidi. Nikienda Kakuma sikusikia kitu, injini iliimeza yote. Nikirudi nikalala. Nikaandika kwenye simu yangu: data imepotea.

Wiki hiyohiyo stima ikapotea Kanamkemer. Unajua usiku wa aina hiyo. Kwanza majirani wanalalamika, kisha jenereta ya mtu inaanza kunguruma, kisha petroli inamwishia, halafu ukimya unaingia ambao ukiusikiza vizuri si ukimya. Kuna wadudu, mbwa wa mbali, upepo unaogusa mabati, mtoto wa jirani anakohoa. Nikavaa earphone nikaiweka Natur tena. Kumbe msanii huyu amekuwa akifikiria jambo hilohilo, tofauti kati ya sauti za Nairobi na zile za Berlin alikohamia. Nilikaa nje mpaka mwisho. Kwa hivyo nafuta nilichoandika, lakini nakuonya: hii si ya gari. Kama kwenu stima haipotei, izime mwenyewe.

Ya Nyokabi Kariuki nitaisema kwa ufupi kwa sababu nilichelewa kuijua: peace places: kenyan memories, ya 2022. Ni fupi, inabebeka, na anachanganya lugha za nyumbani na sauti alizorekodi mwenyewe, shambani kwa cũcũ wake na kwingineko. Kuna wimbo mmoja ambao jina lake linataja kuwalisha mbuzi maembe. Nikamtazama mbuzi aliyekuwa chini ya kiti. Nchi ni hiihii moja, lakini mbuzi wa Turkana akiona embe atadhani amekufa na kwenda peponi. Huku embe likifika ni la mtu.

Na hapo ndipo nilipovua earphone.

Kwa sababu kila moja ya albamu hizo inajua inakotoka. Unasikia Nairobi ndani yake, unasikia shamba, unasikia usiku wa mtaa fulani. Mimi nimekaa ndani ya gari linalokata nusu ya Turkana, nimelipia data, na hakuna hata sekunde moja inayotoka upande huu. Si kwamba muziki haupo. Kama umewahi kufika Lodwar wakati wa Tobong'u Lore umeona edonga: hakuna ngoma ya kupigwa, ni makofi, sauti na miguu inayotua pamoja mpaka vumbi linapanda, na wanaume wanainua mikono kama pembe za dume wanayemsifu. Huo ni mdundo ambao mtayarishaji yeyote wa Nairobi angelipa kuupata. Vijana wa Napetet na Nakwamekwi wanaurapu juu yake tayari, kwa Kiturkana na Sheng, lakini utawasikia kwa wimbo mmoja mmoja, kwenye WhatsApp na labda Radio Akicha. Albamu, hapana.

Nikiwa Kakuma swali linakuwa zito zaidi. Kwanza nikutolee uongo mmoja njiani. Ukisoma makala za kigeni utaambiwa kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali ambapo si popote. Wewe unayesoma Kiswahili sasa hivi, nionyeshe kamusi yenye neno hilo. Wamekopiana wao kwa wao miaka na miaka bila kumuuliza hata mtoto wa shule. Kambi ilianza 1992, na ukihesabu na makazi ya Kalobeyei, leo kuna watu karibu 300,000. Ni zaidi ya miji mingi unayoijua. Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia, na Waturkana wenyewe waliokuwapo kabla ya wote. Ukipita Hong Kong, ule mtaa wa Kakuma 1, kila kibanda kina spika yake na lugha yake. Sijui mahali pengine Kenya ambapo mita 200 zinakupitisha kwenye muziki wa nchi nne.

Na albamu zipo mbili ambazo lazima uzijue.

Ya kwanza ni Refugeenius ya 2016, ambayo Octopizzo aliifanya kwa ushirikiano na UNHCR pamoja na wasanii wakimbizi wa Kakuma na Dadaab. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno, mkimbizi na mwerevu ndani ya neno moja. Niliipakua tena mwezi uliopita. Baadhi ya midundo imezeeka, unasikia kabisa ni ya miaka ile, lakini sauti za wageni hazijazeeka. Kuna njaa ndani ya zile sauti, ile ya mtu aliyepewa maikrofoni dakika mbili na anajua huenda hatapewa tena. Lawama yangu si kwa Octopizzo, alichofanya wengi hawakuthubutu. Lawama ni kwetu wasikilizaji. Mwambie mtu yeyote akutajie majina kutoka albamu ile. Atakutajia moja, na wewe unalijua tayari.

Ya pili ni Naath, ya 2018, ya Emmanuel Jal na dada yake Nyaruach. Habari za Jal unazijua, mtoto askari wa Sudan aliyeletwa Nairobi na kuwa msanii wa dunia. Nyaruach yeye alipita njia yake, na njia hiyo ilimfikisha Kakuma. Naath ni jina ambalo Wanuer hujiita wenyewe, na sehemu kubwa ya albamu imeimbwa kwa lugha hiyo, juu ya midundo inayokufanya ufikirie harusi na klabu kwa pamoja. Sielewi Kinuer. Nilikuwa naicheza kwenye spika ndogo mezani kwangu, pale nje ya duka la rafiki Kakuma 1, huku nikibadilisha skrini ya mtu. Mama mwenye simu alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda tangu asubuhi. Sauti ya Nyaruach ilipoingia, akaanza kuimba naye, taratibu, macho yakiangalia chini. Nilichelewesha ile skrini kwa makusudi. Wimbo ulipoisha nikaurudisha, na hakuniuliza kwa nini.

Ukitaka maoni yangu, Naath ndiyo bora kuliko zote nilizotaja hapa. Ina ngoma mbili ambazo ningeziondoa kwa sababu zinajaribu sana kupendwa na redio, lakini ile iliyobaki inatembea kama mtu anayejua anakokwenda, na kwa safari ya kilomita 120 haijawahi kunichosha. Inauma tu kwamba ni ya 2018. Mtu akiniuliza albamu mpya ya indie kutoka Kakuma, namrudisha miaka yote hiyo nyuma.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linanikera kuliko inavyopaswa kumkera fundi wa simu.

Nina rafiki kambini, Mkongo wa upande wa Kivu. Ananiita fundi, namwita kaka. Anapiga gitaa na anaimba kwa Kiswahili kinachofanya changu cha Lodwar kionekane kimeshonwa viraka. Alikuwa na nyimbo 11, zote zake, alizorekodi kwa miaka miwili, wimbo mmoja kila alipopata pesa ya studio. Nyimbo zilikuwa mahali pawili: kwenye kompyuta ya studio moja na kwenye simu yake. Studio ikafuta kazi za zamani ili kupata nafasi, bila kumwambia. Halafu mvua ikanyesha, lagga ya Tarach ikafurika, maji yakaingia nyumbani kwake usiku na simu ikalala kwenye tope mpaka asubuhi.

Mimi ndiye niliyeifungua. Niliikausha, nikaisafisha bodi kwa spiriti, nikajaribu chaji tatu tofauti, nikaipeleka kwa fundi mkubwa kuliko mimi Lodwar. Bodi ilikuwa imeoza. Nilirudi Kakuma nikamwambia, naye akasema asante fundi, akaniuliza ni pesa ngapi. Sikuchukua. Safari ya kurudi siku hiyo sikucheza kitu.

Sasa anazirudia. Amefikisha nne, na juzi akaniuliza, kwa vile mimi ndiye mwenye kelele za albamu: azitoe moja moja au asubiri mpaka ziwe albamu? Nikaona nimetafutwa.

Maana mahesabu yako hivi. Tangu 2024, Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha kusikizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa msanii wa Nairobi mwenye marafiki wengi hiyo si kitu. Kwa msanii wa Kakuma ambaye mashabiki wake wanapitishiana nyimbo kwa bluetooth, mara 1,000 ni mlima, kwa sababu bluetooth haihesabiwi. Kwenye Bandcamp msikilizaji anaweza kumlipa msanii moja kwa moja, jambo zuri, lakini malipo yanapitia PayPal, na PayPal inataka jina na kitambulisho. Laini ya simu anayotumia kaka imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtambua kama mtu anayeweza kufanya kazi na kujipatia riziki hapa Kenya, na kuimba ni kazi, lakini kati ya sheria na ile simu ya mkononi kuna foleni, na yeye bado yuko kwenye foleni.

Nilimwambia albamu. Nikamwambia wimbo mmoja utazama, utachezwa wiki moja na kupotea kama meseji. Lakini nyimbo nane au tisa zilizokaa pamoja, zilizopangwa, zenye jina lake mbele na si la mgeni yeyote, hizo mtu atazipakua usiku na kuzibeba njiani. Najua kwa sababu mimi ndiye huyo mtu. Alinisikiza, kisha akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye nitakayelipia studio mara nne zaidi. Alikuwa na haki. Ni rahisi msikilizaji kuwa na maoni.

Kwa hivyo nawe msomaji, kama umefika hapa na una data, tafuta Naath usiku wa leo uisikize yote bila kuruka. Refugeenius pia, na ukipenda sauti fulani, tafuta ni ya nani. Ukiwa mtayarishaji na una kompyuta inayojaa, piga simu kabla hujafuta.

Nyimbo nne za kaka ziko nami. Ya tatu ndiyo kali zaidi, gitaa na sauti tu, na katikati mbuzi wa jirani anasikika akilia. Anataka kuirekodi upya amwondoe. Nimemwambia akimgusa mbuzi huyo hatutaongea tena, tukabishana mpaka dereva akapiga honi. Nimeziweka kwenye memori kadi tatu: moja anayo yeye, moja iko kwenye droo yangu Lodwar imefungwa kwa nailoni, na ya tatu iko ndani ya simu hii ninayokuandikia. Kesho alfajiri natoka nayo.